Oda imekwama wapi? Kutafuta hitilafu kati ya programu ya manunuzi, tovuti ya msambazaji na mfumo wa hesabu

Hoteli ya Shela, Lamu, ikiagiza maji, sabuni na taulo kutoka Mombasa na oda isifike, wa kwanza kulaumiwa ni mtandao. Kuna siku lawama hiyo huwa ya haki. Lakini mtandao ukikatika hukatika kwa wote: WhatsApp kimya, barua pepe hazitoki, na mgeni wa chumba cha juu keshashuka kulalamika. Ikiwa simu ya meneja inapokea ujumbe mfululizo na oda peke yake ndiyo haiendi, acha kuzima na kuwasha ruta. Hitilafu zinazodumu, zile zinazomfanya mhasibu auchukie mfumo mzima, karibu zote ni mifumo miwili kutoelewana juu ya jambo dogo: anayeagiza ni nani, katoni ni nini, bei ina kodi ndani au haina.

Mpangilio ninaouzungumzia ni huu. Karani wa manunuzi yuko ndani ya programu yake na anabofya jina la msambazaji. Tovuti ya msambazaji inamfungukia ikiwa tayari inamjua, na inamwonyesha bei za mkataba wake. Anajaza kikapu, kikapu kinarudi kwenye programu, kinaidhinishwa na kuwa LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza, LPO inakwenda kwa msambazaji, mzigo unakuja, ankara inaingia kwenye hesabu. Kule kuingia na kutoka kwenye tovuti ndiko mafundi hukuita panchauti. Lugha zake mbili kubwa ni cXML, iliyotoka mwaka 1999 chini ya kampuni ya Ariba, na OCI ya SAP.

Kwenye cXML, ombi la kwanza la kufunguliwa mlango huenda seva kwa seva. Kompyuta ya karani haimo. Msambazaji akikubali hujibu kwa kiungo cha ukurasa wa kuanzia, na hapo ndipo kivinjari cha karani kinapoanza kazi. Kikapu nacho hurudi kupitia kivinjari. LPO, baada ya kuidhinishwa, huenda tena seva kwa seva. OCI haina ombi hilo la kwanza: kivinjari huenda moja kwa moja kikiwa na jina, nenosiri na anwani ya kurudia iitwayo HOOK_URL. Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, jaribu kwa kompyuta nyingine na kivinjari kingine. Kosa likibaki lilelile, elekea kwenye seva. Likitoweka, usimsumbue msambazaji; tatizo liko mezani pako.

Unabofya, mlango haufunguki

Omba ujumbe wenyewe uliotumwa pamoja na jibu lake, neno kwa neno. Picha ya skrini inayosema "hitilafu imetokea" haina msaada wowote. Kwenye cXML kuna mtego: jibu linaweza kurudi na namba 200 ya HTTP, maana yake bahasha imefika salama, huku ndani ya bahasha Status ikisema 401. Vifaa vingi vya ufuatiliaji husoma bahasha tu, vinaonyesha taa ya kijani, na fundi anaapa kwamba kila kitu kiko sawa.

401 hiyo ya ndani ni suala la utambulisho. Kichwa cha ujumbe kina sehemu tatu, From, To na Sender, na kila moja ina jina la mfumo wa vitambulisho na kitambulisho chenyewe. Vyote lazima vilingane na vilivyosajiliwa upande wa pili, hadi herufi kubwa na ndogo. SharedSecret, yaani siri, ikinakiliwa kutoka WhatsApp mara nyingi huja na nafasi tupu mwishoni ambayo jicho halioni. Ifute yote uiandike kwa mkono. Kisha hakikisha hukupewa siri ya majaribio huku ukiitumia kwenye anwani halisi.

Usipopata jibu kabisa, au ukiona malalamiko juu ya cheti cha usalama cha tovuti, anza na kilicho bure: tazama tarehe kwenye kona ya skrini ya seva. Kompyuta za ofisi za pwani huliwa na chumvi, na ile betri ndogo ya kwenye bodi kuu ikiisha, umeme ukikatika mara moja tu saa hurudi miaka nyuma. Cheti halali kitaonekana hakijaanza kutumika. Saa ikiwa sawa, uliza umri wa programu ya seva. TLS ni kanuni ya kufunga mawasiliano kwa siri; matoleo yake ya 1.0 na 1.1 yalitangazwa rasmi kuwa yamepitwa na wakati Machi 2021, na wasambazaji wengi wameyafunga. Seva isiyojua TLS 1.2 itagonga mlango bila kuitikiwa.

Sababu nyingine ni anwani ya IP, yaani namba inayoutambulisha muunganisho wako wa intaneti. Msambazaji anayeruhusu anwani maalumu tu atakufungia siku hoteli inapohamia kwa mtoa huduma mwingine wa intaneti. Hii hutokea pale seva ya manunuzi inapokaa hotelini. Ikiwa programu iko kwenye wingu, kubadilisha antena ya paa hakuna uhusiano wowote.

Ukurasa mweupe, au tovuti inadai nenosiri

Huu ni ugonjwa wa kivinjari. Februari 2020, Chrome toleo la 80 ilianza kuvichukulia vidakuzi (cookies, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti hukutambua kwazo) visivyo na maelekezo ya SameSite kana kwamba vimeandikwa Lax, yaani visitumwe tovuti inapokaa ndani ya tovuti nyingine. Tovuti ya msambazaji ikifunguliwa ndani ya fremu ya programu yako, kidakuzi chake hakitumwi, nayo inakuona mgeni kila ukurasa. Dawa ya haraka ni kuweka mpangilio wa kufungua dirisha jipya badala ya fremu. Dawa ya kudumu iko kwa msambazaji, ambaye anatakiwa kuviandika vidakuzi vyake SameSite=None pamoja na Secure. Kama ukurasa ni mweupe kabisa bila hata nembo, huenda tovuti yenyewe inakataza kuwekwa ndani ya fremu ya wengine, na hapo dirisha jipya halina mbadala.

Kuna pia karani aliyehifadhi kiungo cha jana kama alamisho ili asibofye mara nyingi. Kiungo hicho kwa kawaida ni cha kikao kimoja. Afute alamisho.

Kikapu kimejaa kule, huku kimefika kitupu

Muda wa kikao ndio sababu ya kwanza ya kuuliza, kwa sababu ndiyo ya kawaida. Karani amejaza kikapu saa tano, adhana ikaingia, akaenda kuswali na kula, akarudi saa nane kubofya "maliza". Kwenye tovuti kila kitu bado kinaonekana, lakini programu ya manunuzi ilishafunga kikao chake, na ile BuyerCookie, alama ya kikao inayorudi na kikapu, haina tena mwenyewe. Kikapu kinatupwa kimyakimya. Ongeza muda wa kikao upande wa programu. Hakuna haja ya kumfundisha karani kula haraka.

Sababu ya pili ni alama ya &. Jina la bidhaa likiwa na alama hiyo, ndani ya XML lazima iandikwe &, la sivyo ujumbe wote hausomeki. Ukiona kikapu kinakataa siku fulani tu, tazama bidhaa gani imo siku hizo na haimo siku nyingine. Toa nusu ya bidhaa, jaribu, toa nusu nyingine, utaifikia upesi. Kwa OCI, angalia kwamba HOOK_URL inaanza na https, na kwamba haikukatwa njiani kwa sababu alama zake hazikusimbwa.

Bei si ile

Hapa ndipo pa kukaa, maana ndipo fedha zinapopotea bila taa nyekundu kuwaka. Mlango umefunguka, kikapu kimerudi, LPO imekwenda, na kila mfumo unadai umefaulu. Mwisho wa mwezi stoo ina chupa chache kuliko vitabu, au nyingi, na watu wanaanza kutazamana kwa jicho la wizi.

Usianze kwa kusoma mpangilio. Chukua namba mbili zinazogombana, gawanya kubwa kwa ndogo, utazame jibu. Likiwa 1.16, upande mmoja umehesabu VAT na mwingine haukuhesabu, kwa kuwa kiwango cha kawaida cha Kenya ni asilimia 16. Likiwa 1.3456, kodi imewekwa juu ya kodi: tovuti ilituma bei yenye VAT ndani, nawe ukaongeza tena. Likiwa 12 au 24, ni kipimo. Likiwa 100 au 1,000, ni nukta na mkato. Likikaribia bei ya dola ya siku hiyo, sarafu imepotea njiani na mfumo umekisia.

Kipimo kwanza. Tovuti inauza maji kwa katoni ya chupa 24, lakini aliyeingiza bidhaa ameiandika EA, yaani kimoja kimoja, kwa sababu kwake katoni ni kitu kimoja. Hoteli huhesabu chupa. Karani akitaka chupa 240 na kuagiza EA 240, zinakuja katoni 240, na boti nzima ni maji. Tiba si kumwambia karani awe makini. Tengeneza jedwali la vipimo kati ya mifumo miwili: CT (katoni) ya msambazaji huyu kwa bidhaa hii ni 24 ya kwetu. Jedwali liende kwa bidhaa, si kwa msambazaji, maana katoni ya sabuni si katoni ya maji. Misimbo inayotumika sana hutoka kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa, ambako kilo ni KGM na lita ni LTR. Mfumo unaotuma KG au LT unaweza kukataliwa, na hilo ni afadhali, kuliko mfumo unaoupokea msimbo usioujua na kuugeuza EA kwa hiari yake.

Kwenye OCI kuna sehemu iitwayo PRICEUNIT, inayosema bei ni ya vitu vingapi. Leso za karatasi zikiandikwa shilingi 300 kwa 100, na programu yako isiisome sehemu hiyo, kila leso itagharimu shilingi 300. Hilo mwidhinishaji ataliona. La misumari au vijiti vya meno huenda asilione.

Kodi pia iende kwa bidhaa. Mboga na matunda mabichi yasiyosindikwa yamesamehewa VAT, sabuni haijasamehewa. Mfumo uliowekewa kiwango kimoja kwa msambazaji mzima utakosea kila anapouza vyote viwili, na wasambazaji wa hoteli wengi huuza vyote viwili.

Nukta na mkato ni tatizo la Malindi zaidi kuliko la Lamu. Pale kuna nyumba na biashara nyingi za Waitaliano, na kompyuta iliyowekewa mipangilio ya Italia huandika 1.250,00 kwa kile ambacho sisi huandika 1,250.00. Mfumo wa Kenya unaweza kusoma shilingi moja na robo. Excel ya mpangilio huohuo, ikihifadhi faili ya CSV, hutenganisha safu kwa nukta-mkato badala ya mkato, kwa hiyo orodha yote ya bei huingia katika safu moja. Ukipokea orodha za bei kwa faili, kubalianeni mpangilio kwa maandishi, kisha ifungue faili kwa programu ya maandishi matupu, si kwa Excel. Excel haiaminiki kwa misimbo hata kwa mpangilio wetu: 00457 huwa 457, na namba ya mistari ya bidhaa ya Kenya, ile inayoanza na 616, hugeuka 6.16E+12. Ukiihifadhi hivyo, tarakimu zilizopotea hazirudi, na mfumo wa hesabu utasema bidhaa haipo.

LPO haikufika, au imefika mara mbili

Hizi dalili mbili ni za mama mmoja. Programu inatuma LPO, muunganisho unakatika kabla ya jibu kurudi, programu haijui kama ilipokelewa, karani anatuma tena. Msambazaji sasa ana mbili. Katika cXML kila ujumbe una payloadID, yaani kitambulisho chake, na ujumbe unaorudiwa unatakiwa kubaki na payloadID ileile ili mpokeaji autambue kuwa ni ule ule. Programu nyingine huzalisha mpya kila mara karani anapobofya. Jaribu mwenyewe kwenye mazingira ya majaribio: tuma, rudia, linganisha. Zikitofautiana, mdai mtengenezaji wa programu arekebishe, na kwa sasa mzuie karani kutuma tena kabla ya kumpigia msambazaji.

Mabadiliko nayo yasitumwe kama oda mpya. Ukipunguza taulo kutoka 60 hadi 40, LPO ya marekebisho iwe na namba ileile na aina ya update. Ukituma mpya, jiandae kupokea 100.

Mzigo upo Mokowe, ankara imegoma

Mfumo wa hesabu hulinganisha hati tatu: LPO, hati ya kupokea mzigo, na ankara. Zikipishana, malipo yanasimama. Bara, lori hufika mlangoni na mtu mmoja anasaini vyote. Kwetu lori linaishia jeti ya Mokowe, mzigo unapanda boti, unashukia kisiwani, na mwendo wa mwisho ni wa mahamali na punda. Msambazaji anahesabu amekabidhi Mokowe Jumanne. Stoo ya hoteli inaandika imepokea Alhamisi, tena katoni 38 kati ya 40 kwa kuwa mbili zimebaki kwa safari ijayo. Ankara ya 40 inakuta hati ya 38 na kukwama.

Watu wengi hutatua hili kwa kuongeza kiwango cha tofauti kinachovumiliwa, hadi asilimia tano au kumi. Sipendi njia hiyo. Inafungua mlango kwa upungufu wa kweli kupita bila kuulizwa. Afadhali mfumo uwe na anwani mbili za kupokelea, jeti na hoteli, kila moja na msimbo wake, na karani wa Mokowe aandike mapokezi ya kwanza hata kwa simu. Ankara ilinganishwe na mapokezi ya jeti ikiwa mkataba unasema makabidhiano ni pale. Upungufu wa baharini ni hesabu ya mwenye boti, si ya msambazaji.

Msimbo wa anwani lazima ufahamike pande zote mbili. Tovuti nyingi hudai jina la barabara na namba ya nyumba, vitu ambavyo mji wa vichochoro hauna vya kutoa, na zisipoutambua msimbo hurudi kwenye anwani ya kwanza iliyosajiliwa. Ikiwa ile ni ya ofisi ya Nairobi, mzigo utashushwa Nairobi. Andika "Jeti ya Mokowe" kwenye mstari wa kwanza, msimbo wa posta wa Lamu, 80500, na namba ya simu ya mpokeaji. Muda wa kufikisha uandikwe kwa saa 24: aliyekusudia saa tatu asubuhi akaandika 03:00 ameomba lori la usiku wa manane.

Gharama ya usafiri nayo hukwamisha. Msambazaji anaongeza mstari wa boti kwenye ankara ambao haukuwa kwenye LPO. Weka usafiri kama bidhaa ndani ya katalogi ili uingie kikapuni tangu mwanzo.

Halafu kuna eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ukiacha zilizosamehewa, haikubaliki kupunguza kodi ya mapato, na ukitaka kudai VAT ni lazima PIN ya hoteli, namba yake ya mlipakodi, iwemo. PIN ina herufi na tarakimu 11: inaanza na P kwa kampuni au A kwa mtu binafsi, tarakimu tisa katikati, herufi moja mwishoni. Kosa la mara kwa mara ni herufi O mahali pa sifuri. Irekebishe kwenye akaunti yako katika tovuti ya msambazaji, kwa sababu ankara ikishapelekwa KRA haifutwi wala kuhaririwa. Msambazaji atatoa hati ya kupunguza deni na kuandika ankara mpya, na mfumo wako uwe tayari kuzipokea zote mbili zikirejelea LPO moja.

Tarehe zikipishana kwa siku moja, ni saa za eneo. Seva inayofuata UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo kazi ya saa saba na nusu usiku wa tarehe 1 Julai huandikwa 30 Juni na kuangukia mwezi uliofungwa.

Hoteli imefunguliwa baada ya masika, hakuna kinachofanya kazi

Hoteli kadhaa hufunga kati ya Aprili na Juni. Mifumo ya wasambazaji haifungi. Wiki moja kabla ya kufungua, tazama kwa mpangilio huu: manenosiri na tokeni zilizoisha muda, watumiaji waliofungiwa kwa kutoingia, misimbo ya bidhaa zilizoondolewa, tarehe ya mwisho ya bei za mkataba, na vipindi vya hesabu ambavyo havijafunguliwa.

Vyeti vinahitaji neno zaidi. Kama fundi aliwahi kuhifadhi cheti cha msambazaji mwenyewe kwa mkono ndani ya seva yako, muunganisho utakufa kila kinapofanywa upya. Tangu 2020 cheti cha tovuti hakikuruhusiwa kuzidi siku 398. Kuanzia 15 Machi 2026 kikomo ni siku 200, na mwaka 2029 kitashuka hadi 47. Hifadhi cheti cha shina cha mamlaka iliyokitoa, si cha tovuti.

Ukilazimika kumpigia msambazaji

Ukisema "mfumo wenu haufanyi kazi" utapewa kijana wa kukupoza moyo. Mpelekee payloadID, saa ya tukio pamoja na eneo lake, kwa mfano 2025-07-03T10:15:00+03:00, namba ya LPO, na ujumbe wenyewe kama faili, si picha. Uliza kitu kimoja: je, ujumbe huu unaonekana kwenye kumbukumbu za seva yenu? Akisema hauonekani, tatizo liko kati yenu, kwenye anwani, cheti au faiawoli. Akisema unaonekana, muulize mfumo wake uliujibu nini, neno kwa neno. Na kabla ya kuituma hiyo faili, fungua ndani yake ufute SharedSecret.